Karatasi nyeupe ndani ya kichupa: niliyojifunza kwa buibui wa Ngezi

Karatasi ilikuwa nyeupe. Niliigeuza upande wa pili, nikaisogeza kwenye taa, nikaiweka chini ya hadubini. Nyeupe. Miezi minne nyuma nilikuwa nimeiandika kwa kalamu ya wino wa buluu: msitu gani, sehemu gani ya msitu, tarehe gani, nani kakusanya. Wino wote umeyeyukia kwenye spiriti. Na ndani ya kichupa kile alikuwemo buibui dume wa milimita mbili, ambaye mpaka siku ile ndiye dume pekee niliyekuwa nimempata.

Mwaka huu nimetumiwa ujumbe na vijana watatu, wawili wa Unguja na mmoja wa hapa kwetu Pemba, wanaotaka kuifanya kazi niliyoifanya mimi. Kila mmoja aliniuliza swali lile lile: ukishaona buibui ambaye hayumo vitabuni, unaanzia wapi? Nimeona niwajibu kwa urefu, na wengine wenye haja kama yao wasome humu humu.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia katika skuli moja ya Wete. Buibui sikuwasomea. Nilipoingia shahada ya pili nilipewa kazi ya kuhesabu viumbe wadogo wanaoishi chini ya majani yaliyopukutika katika msitu wa Ngezi, kule kaskazini magharibi, ukishapita Konde kuelekea Vumawimbi. Wageni wanaokwenda Ngezi hutazama juu. Wanamtafuta popo wa Pemba, yule mkubwa anayepatikana kisiwa hiki tu, ambaye jina lake la kisayansi linamkumbuka Mjerumani Alfred Voeltzkow aliyepita huku 1903. Wanamtafuta bundi wa Pemba, njiwa, chozi. Kwenye ardhi wanayoikanyaga wanapowatafuta ndiko nilikokuwa mimi, nimepiga magoti na chekeche la unga na shuka nyeupe.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Unakusanya majani yaliyooza, unayachekecha juu ya shuka, unasubiri. Mwanzo huoni kitu. Kisha vumbi linaanza kutembea: chungu, utitiri, jongoo wachanga, na katikati yao kidoa chenye rangi ya chungwa kinachokimbia, kinasimama ghafla, kinakimbia tena. Unakinyonya kwa mpira mwembamba wenye kitambaa ndani, ili kisikuingie mdomoni. Pia nilizika vikopo vya mtindi, mdomo wa kikopo usawa wa ardhi, ndani maji ya chumvi na matone ya sabuni, juu kipande cha sahani kuzuia mvua. Mara ya kwanza nilivikagua baada ya wiki mbili, na nilichokikuta ni uozo mtupu, na viwili vimeng'olewa na kaa. Kagua kila siku ya tatu. Ukiona mbali, vikopo vipunguze, siku usiziongeze.

Ami mmoja, mlinzi wa msitu, aliyekuwa akifuatana nami, alisimama siku ya pili akaniuliza, "Mwanangu, hawa unawatia kwenye spiriti wafe?"

Nikamwambia ndiyo, Ami.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Sisi chuoni tulifundishwa buibui hauawi. Aliweka utando mlangoni mwa pango, Mtume akasalimika."

Na mimi nilifundishwa kisa hicho hicho, chuoni, kwa maalimu wetu. Usiku ule sikulala vizuri. Nilirudi nyumbani kumuuliza babangu, naye akaniuliza swali moja tu: unawaua kwa nini? Nikamweleza kwamba msitu ukikatwa hakuna atakayejua nani alikuwemo, na kiumbe asiye na jina haandikwi kwenye mpango wowote wa hifadhi. Akasema basi ua kwa haja, usizidishe. Tangu hapo nikiwa na majike kumi ya kutosha, wa kumi na moja humwachia. Waambie watu unachokifanya kabla hawajakuuliza. Ami yule ndiye aliyekuja kunionyesha mabonde ambayo peke yangu nisingeyafikia.

Sasa nirudi kwenye kichupa.

Msimu wa masika ule nilikuwa nimekwenda pia Ras Kiuyu, upande wa kaskazini mashariki. Vichupa vya misitu miwili nilivifunga katika mfuko mmoja. Karatasi zote ziliandikwa kwa kalamu ile ile, na zilizokuwa nje ya vichupa, nilizozibandika kwa gundi, zilibanduka kwa unyevu. Kwa hiyo nilikuwa na dume la buibui nisiyemjua, na sikuweza kuapa kama ametoka Ngezi au Ras Kiuyu. Nilikumbuka siku, nilikumbuka hata mvua ya siku ile, lakini kumbukumbu haiandikwi kwenye maelezo ya spishi. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinataka kila spishi mpya iwe na kielelezo kinachobeba jina, kwa kawaida kimoja kinachoitwa holotaipu, na tangu 2000 ni lazima kitajwe waziwazi pamoja na mahali kitakapohifadhiwa. Kielelezo kisichojulikana kimetoka wapi kanuni hazikikatai, lakini mtafiti wa kesho atakwenda kumtafuta wapi buibui yule? Msimamizi wangu alikitazama kichupa, akanitazama mimi, akasema kwa upole, "Tafuta mwingine."

Nililia garini njia nzima mpaka Wete.

Kumtafuta mwingine kulichukua misimu miwili ya mvua. Kwa hiyo hili lishike kabla ya mengine yote: andika kwa penseli. Penseli ya kawaida ya skuli haiyeyuki kwenye spiriti. Karatasi iwe nene, iingie ndani ya kichupa pamoja na buibui, na iandikwe pale pale msituni kabla hujainuka. Kichupa kimoja, mahali pamoja, siku moja. Nakala ya pili iwe kwenye daftari. Na spiriti yenyewe, usinunue ile yenye rangi inayowashiwa majiko, inatia madoa. Ya asilimia 70 hadi 75 inatosha kwa kutazama umbo. Lakini miguu miwili mitatu ya mwenzake itie kwenye ile kali ya asilimia 95 na kuendelea, ikiwa utataka vinasaba baadaye. Formalini usiiguse, itaviharibu. Mimi msimu wa kwanza nilitumia formalini iliyobaki maabara ya skuli kwa sababu ilikuwa bure.

Kwa nini dume lile lilikuwa muhimu hivyo? Kwa buibui, rangi haitoshi na ukubwa hautoshi. Spishi nyingi hutofautishwa kwa viungo vya uzazi: vipapasio vya mbele vya dume, ambavyo ncha yake imeumbwa kama ufunguo, na tundu la uzazi la jike chini ya tumbo. Mtoto wa buibui hana kimojawapo kati ya hivyo, kwa hiyo hafai, hata ukiwa naye mia. Mimi nilikuwa na watoto zaidi ya hamsini na furaha nyingi. Madume wazima huonekana zaidi mvua zinaposhika, kwa sababu huacha maficho yao wakatafute majike, na hapo ndipo vikopo huwanasa. Ukienda kiangazi kwa sababu njia ni kavu, utarudi na majike na watoto.

Buibui wangu ni wa familia ya Oonopidae. Wengi wao hawafiki milimita tatu, wana macho sita badala ya manane, na wengi wana magamba magumu tumboni kama wamevaa ngao. Hawatandazi utando wa kunasia. Wanawinda wakitembea katika majani. Mpaka mwanzoni mwa karne hii walijulikana spishi mia chache tu. Kuanzia 2006 mradi wa kimataifa ulioongozwa na Norman Platnick wa New York uliwakusanya wataalamu wa familia hii, na leo zimeshaelezwa zaidi ya 1,800. Hilo ni jema kwako, maana picha nzuri zipo. Ni gumu pia, maana una zaidi ya elfu moja na mia nane za kujilinganisha nazo.

Na hapa ndipo nilipokaribia kujiaibisha. Baada ya karatasi ya dume yule kufutika nilipata, pembezoni mwa msitu karibu na mashamba ya mikarafuu, kundi la majike tu, bila dume. Magamba yao yalikuwa tofauti, miguu tofauti. Nikasema huyu ni mpya, na nilishaanza kumwandikia mtaalamu wa Ulaya barua ya kujisifu. Akanijibu kwa sentensi nne. Katika familia hii, aliandika, wapo wasafiri: spishi ndogo zinazobebwa na udongo wa miche, zimeenea nchi zote za joto na mpaka kwenye nyumba za vioo za Ulaya. Baadhi yao, kama Triaeris stenaspis, hupatikana majike tu, na huzaa bila dume. Akaniomba nitazame tena. Nikatazama. Wangu alikuwa mmoja wa wasafiri hao.

Nilipotulia niliona lilikuwa swali la kujiuliza mapema. Mikarafuu yenyewe ililetwa Zanzibar kwa njia ya bahari mwanzoni mwa karne ya 19, na miche haisafiri bila udongo. Kisiwa chetu kimetengwa na bara kwa mkondo wenye kina cha mamia ya mita, tofauti na Unguja ambayo zamani, bahari ilipokuwa chini, ilishikana na bara. Mtu akilijua hili ni rahisi kuamini kwamba kila kiumbe cha Pemba ni cha Pemba peke yake. Baada ya barua ile niliweka sharti: mnyama aliyepatikana shambani, kando ya njia au bustanini namshuku kwanza. Aliyepatikana katikati ya msitu, dume na jike, ndiye wa kufuatilia.

Dume la pili nilimpata mwezi wa Aprili, kikopo cha kumi na saba, bonde ambalo Ami alilichagua. Niliandika karatasi mara tatu kwa penseli, mkono ukitetemeka. Mvua hiyo hiyo tukapata madume mengine matatu na majike sita.

Kwa jike unahitaji kuona ndani ya tumbo, kwenye vijifuko na mirija ambayo kwa nje imefunikwa. Vitabu vinasema mtoe kwenye spiriti, umtie kwenye mafuta ya karafuu, nyama igeuke angavu kama kioo. Nilisoma sentensi ile mara mbili. Kitabu kilielekeza kuagiza kichupa kidogo kutoka nje kwa bei ya kunitia homa, na mimi nimekaa kisiwa ambacho harufu ya karafuu zilizoanikwa hukupokea kila barabara, na kiwanda cha kukamulia mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kipo Wawi. Bibi yangu alikuwa na chupa yake kabatini, ya jino. Aliponipa alitaka kujua nani anaumwa.

Lakini nayo ina masharti. Jike lazima akaushwe maji kwanza kwa kupitishwa kwenye spiriti kali, la sivyo mafuta yanageuka meupe kama tui na huoni kitu. Muda wa nusu saa ulinitosha. Nilimwacha mmoja usiku kucha, asubuhi alikuwa mkavu kama kijiti na mguu ulikatika nilipomgusa. Ukimaliza, mrudishe kwenye spiriti taratibu. Mafuta ya makonyo na ya karafuu zenyewe yote yalinifaa, sikuona tofauti.

Kuchora kulinichukua likizo mbili. Sina kipaji cha kuchora, na nilidhani picha za kamera zitatosha. Hazikutosha. Mchoro hukulazimisha kuamua: hapa kuna mwiba au ni kivuli? Mara tatu mchoro ulinionyesha kwamba sikuwa nimeelewa nilichokuwa nikikitazama kwa mwaka mzima. Ukiweza, anza kuchora siku ya kwanza, hata vibaya.

Kuhusu maandiko, usikate tamaa kwa kukosa maktaba. Ipo orodha ya dunia ya buibui, World Spider Catalog, inayotunzwa na makumbusho ya historia ya asili ya Bern, Uswisi. Ina spishi zaidi ya 50,000, na ukijisajili, bila malipo, unapata kusoma maandishi ya zamani yaliyohifadhiwa humo, hata ya Gerstaecker wa 1873 aliyeeleza buibui waliokusanywa Zanzibar na pwani yetu. Nilisoma Kijerumani kwa kamusi, neno kwa neno. Maelezo ya zamani mara nyingi ni mistari mitano isiyo na mchoro, hivyo mwisho wa safari unahitaji kumwona holotaipu mwenyewe, au picha zake. Waandikie watunzaji wa makumbusho barua fupi yenye nambari ya kielelezo unachokitaka. Niliandika kwa wanne, watatu walijibu ndani ya mwezi. Niliwaomba pia vielelezo vya Usambara Mashariki, maana ule ndio msitu wa bara unaotutazama ng'ambo, na nilichekecha majani ya msitu wa Jozani, Unguja, siku sita. Kote kuwili hakuwemo. Ningeandika kwamba ni wa Pemba tu bila kufanya hivyo, wahakiki wangenirudisha, na wangekuwa na haki.

Kosa lililonigharimu fedha nyingi zaidi lilikuwa la makaratasi. Nilikuwa na kibali cha utafiti, ruhusa ya idara ya misitu na barua ya sheha, nikadhani basi. Kukusanya ni ruhusa moja na kupeleka nje ni nyingine. Mkataba wa Nagoya, ulioanza kutumika 2014, unaipa nchi haki juu ya viumbe wake, na makumbusho yoyote yanayojiheshimu yatakuuliza karatasi kabla ya kupokea hata mguu. Kifurushi changu cha majike wawili kilikwama wiki saba. Spiriti nayo ni kitu kinachowaka: kwa ndege inakubalika kidogo kidogo tu, kichupa kisizidi mililita 30, na lazima itangazwe na kufungwa inavyotakiwa. Kwa ada, kufunga upya na safari za Unguja nililipa zaidi ya shilingi laki nne za mshahara wangu. Ulizia ruhusa ya kusafirisha siku ile ile unayoomba ya kukusanya.

Nilitaka sana holotaipu abaki nyumbani. Sioni sababu ya kiumbe wa Ngezi kufuatwa Ulaya na mtoto wa Konde atakayetaka kumwona. Lakini spiriti hukauka, na kichupa kisicho na mtu wa kukijaza kila mwaka ni kaburi. Nilizunguka, nikauliza nani hujaza, mara ngapi, na akistaafu nani atashika. Mwishowe tulikubaliana na mkusanyo wa chuo kikuu kimoja bara: holotaipu yupo huko, ndani ya nchi, na parataipu, yaani wenzake waliotumika kuieleza spishi pamoja naye, wamegawanywa, wengine makumbusho ya nje. Bado naamini Zanzibar inastahili chumba chake cha vielelezo chenye mtunzaji anayelipwa, na nitaendelea kulisema hili kila nitakapopata nafasi.

Jina. Kanuni hazikulazimishi neno la Kilatini. Neno la lugha yoyote linakubalika ilimradi liandikwe kwa herufi za Kilatini. Kipunji, nyani aliyeelezwa 2005 kutoka milima ya kusini mwa nchi yetu, anabeba jina walilomwita wenyeji. Jina langu la kwanza nililipenda mno, na kwa kulipenda nililiweka katika muhtasari wa mkutano mmoja, ukachapishwa kijitabuni bila maelezo wala picha. Jina lililochapwa hivyo wataalamu huliita jina tupu: limetoka duniani lakini halimshiki mnyama yeyote. Ningeweza kulitumia tena, lakini mhakiki alinishauri nilibadilishe lisije likachanganya watu, nikalibadilisha, na liliniuma. Kwa hiyo jina la sasa silitaji hapa, wala sikulituma kwenye kundi lolote la simu, hata kwa dada yangu, mpaka makala itoke. Ikitoka kwa njia ya mtandao peke yake, lazima pia iwe imesajiliwa kabla katika ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, na nambari ya usajili ionekane ndani ya makala. Mhariri wako asipokukumbusha, mkumbushe wewe.

Makala imerudi kwa wahakiki mara ya pili. Wameniomba vipimo vya miguu ya dume wa tatu na mchoro mmoja upya.

Ami hukutana nami sokoni Konde, na salamu zikishaisha huuliza, "Yule wetu kashapewa jina?" Namwambia bado kidogo, Ami.

Dume wa kwanza bado ninaye. Nilipowapata wenzake nilimweka pembeni yao chini ya hadubini, nikalinganisha vipapasio, mwiba kwa mwiba. Ni yeye yule. Nimemwandikia karatasi mpya kwa penseli: Pemba, msitu haujulikani. Katika orodha ya vielelezo vya makala hayumo.